Maswali Yenu: Tarumbeta la Hugh Masekela

Barua kuhusu Hugh Masekela, mpuliza tarumbeta wa Afrika Kusini, zimetufikia nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Za vijana wanaojifunza kupuliza tumezijibu kwa urefu, kwa sababu mtu akikosea mwezi wa kwanza huhangaika na kosa hilo miaka.

Wahariri, salaam. Huku kwetu wazee wanasema Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wetu wa Kianglikana, ndiye aliyempa Masekela tarumbeta. Wengine wanabisha kwamba lilitoka kwa Louis Armstrong. Nani mkweli?
*Msomaji, Masasi*

Wote wakweli. Matarumbeta yalikuwa mawili, na yote mawili yanahusiana na Huddleston.

Kabla hajafika Masasi, Huddleston alikuwa padri huko Johannesburg, akihudumu Sophiatown na kusimamia shule ya St Peter's, Rosettenville. Masekela, aliyezaliwa Witbank tarehe 4 Aprili 1939, alikuwa mwanafunzi hapo, na mtukutu kwelikweli. Alikuwa amekwisha kuona filamu ya Kimarekani ya 1950 ambamo Kirk Douglas anaigiza mpuliza tarumbeta. Sauti inayosikika humo si ya Douglas, ni ya Harry James, na ndiyo iliyomteka kijana. Padri alipomwuliza ni kitu gani kingemfanya atulie, alijibu kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Huddleston akamnunulia moja lililokwisha kutumika, kwa pauni 15.

Kisha akamtafutia mwalimu, naye ni Uncle Sauda, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya Waafrika ya manispaa ya Johannesburg. Wasimuliaji wengi huiruka sehemu hii, nasi tunaiona ndiyo kubwa kuliko zote. Tarumbeta bila mtu wa kukuonyesha jinsi ya kuweka mdomo huishia juu ya kabati. Wanafunzi wenzake walipomsikia, nao wakataka ala zao. Huddleston akahangaika kuzitafuta, na hivyo ikazaliwa Huddleston Jazz Band, ambamo Jonas Gwangwa alipuliza tromboni.

Mwishoni mwa 1955 shirika la kitawa la Huddleston lilimwita arudi Uingereza. Shule nayo ilifungwa 1956, kwa kukataa kuendeshwa chini ya sheria ya kibaguzi ya elimu ya Wabantu. Mwaka huohuo Huddleston alikutana na Louis Armstrong, mpuliza tarumbeta maarufu wa jazi, huko Marekani, akamweleza habari za vijana wale, na Armstrong akatuma tarumbeta lake moja Johannesburg. Ipo picha ya siku zile: kijana Masekela yuko hewani, karuka kutoka ardhini, tarumbeta mkononi, kinywa wazi kwa kicheko.

Huddleston alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kwa hiyo tarumbeta lenyewe halikupita Masasi. Aliyelitoa ndiye aliyekuja kwenu.

Je, Masekela alisoma muziki darasani au ni kipaji tu?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Iringa*

Mwalimu, alisoma sana. Mwaka 1959 alikuwa katika okestra ya mchezo wa kuigiza wa King Kong, uliozunguka Afrika Kusini, na mwaka huohuo wakaunda Jazz Epistles: yeye, Gwangwa, Kippie Moeketsi kwenye saksofoni, na mpiga piano Dollar Brand, ambaye leo anajulikana kwa jina la Abdullah Ibrahim. Mwanzoni mwa 1960 walirekodi santuri ndefu, ya kwanza ya jazi kufanywa na bendi ya Waafrika weusi wa nchi ile. Tarehe 21 Machi polisi waliua watu 69 huko Sharpeville, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na miezi michache baadaye Masekela alikuwa London katika shule ya muziki ya Guildhall. Kutoka hapo alikwenda New York, Manhattan School of Music, akakaa hadi 1964. Miriam Makeba na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte walimshika mkono. Makeba ni yuleyule mliyemzoea kwa "Malaika". Walioana 1964 na kuachana miaka miwili baadaye.

Darasani alifundishwa tarumbeta la muziki wa Kizungu wa noti. Usiku alikuwa akiwasikiliza wapuliza tarumbeta wa jazi wa Marekani, Miles Davis na Dizzy Gillespie, akitaka kupuliza kama wao. Miles ndiye aliyemwonya kwamba akiendelea hivyo atakuwa mmoja tu kati ya maelfu, bali akichanganya mambo ya kwao Afrika Kusini atatoa kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Alimsikia. Ukitaka kujua Masekela alibadilika lini, sikiliza jinsi mistari inavyofupika. Zile noti nyingi za mbio zinapungua, na mahali pake zinakuja sentensi fupi za kuimbika, zinazorudiwa, na wakati mwingine anashusha tarumbeta na kuzimalizia kwa sauti yake mwenyewe. Alipuliza kama mwimbaji kwa sababu alikuwa mwimbaji. Tangu utotoni aliimba, na nyumbani kwa bibi yake, aliyewauzia pombe wachimba makaa wa Witbank, nyimbo hazikukauka.

Kuna video anaonekana na ala nene kuliko tarumbeta, mdomo wake mpana. Ni ala gani, na mtu anayejua tarumbeta anaweza kuipiga?
*Mpenzi wa muziki, Mombasa*

Hiyo ni flugelihoni, na katika miaka yake ya baadaye ndiyo aliyokuwa nayo mkononi mara nyingi zaidi.

Urefu wa bomba ni karibu sawa na wa tarumbeta la kawaida, kama sentimeta 140. Pistoni, yaani vitufe vya kubonyeza, ni tatu zilezile na vidole ni vilevile. Tofauti iko kwenye umbo la bomba. Bomba la tarumbeta lina upana uleule katika sehemu kubwa ya safari yake, kisha linafunguka karibu na mwisho. Bomba la flugelihoni linaanza jembamba na kutanuka njia nzima, na mdomo wake ni kama sentimeta 15 dhidi ya 12 za tarumbeta. Kipulizio chake, kile kikombe kidogo cha chuma kinachokaa mdomoni, kina kina kirefu chenye umbo la faneli. Hayo yote hupunguza ule mng'ao mkali wa tarumbeta na kuacha sauti pana, ya joto, iliyo karibu na koo la mtu. Kwa mpigaji mwenye sentensi za kuimba, huwezi kupata ala inayofaa zaidi.

Ukihama kutoka tarumbeta, kuna mambo matatu yatakayokusumbua. Usilazimishe kipulizio cha tarumbeta kiingie kwenye flugelihoni: shina lake lina kipimo kingine, kitakwama au kitavujisha hewa. Usawazishaji wa sauti nao ni tofauti. Kwenye tarumbeta unavuta bomba kubwa la mbele, lakini kwenye flugelihoni unalegeza skrubu ndogo na kusogeza bomba lile linalopokea kipulizio, milimita chache nje ukiwa juu ya wenzako, ndani ukiwa chini. Na noti za juu zinateleza. Mpigaji mwenye hofu huongeza nguvu, sauti ikapasuka. Afadhali ushuke kwenye noti za chini, ambako ala hii ni tajiri.

Shikamooni. Nina miaka 16, nina tarumbeta la kanisani. Nikipuliza dakika kumi midomo inavimba na noti za juu hazitoki. Masekela aliwezaje kupuliza saa mbili jukwaani?
*Kijana, Morogoro*

Marahaba, mwanetu. Tatizo lako karibu hakika liko mkononi. Unalikandamiza tarumbeta mdomoni kwa mkono wa kushoto ili noti ya juu itoke. Inatoka kweli, mara mbili tatu, kisha damu haipiti vizuri kwenye midomo, inavimba, inakufa ganzi, nawe unakandamiza zaidi. Noti ya juu inatokana na mambo mawili: hewa iendayo kasi, na pembe za mdomo zilizokazwa huku katikati pakiwa pamelegea pa kutetemeka. Mkono kazi yake ni kushika tu.

Fanya hivi kwa wiki sita. Weka tarumbeta pembeni kwanza. Sema "m", acha midomo ikutane hivyohivyo, kaza pembe, kisha pitisha hewa mpaka midomo ivume kama nyuki. Dakika mbili. Chukua kipulizio peke yake, ukishike kwa vidole viwili tu kwenye shina ili usiweze kukandamiza, uvume humo dakika tatu, ukipanda na kushuka kama king'ora. Kiweke katikati ya mdomo kadiri meno yako yanavyoruhusu. Waalimu wengi hupenda theluthi moja juu na theluthi mbili chini, wengine nusu kwa nusu.

Ndipo uchukue tarumbeta. Anza na sol ya mstari wa pili wa noti kutoka chini, bila kubonyeza pistoni, uishike kwa hesabu nane za polepole. Pumzika hesabu nane. Kisha teremka nusu toni moja moja: pistoni ya pili peke yake inashusha nusu toni, ya kwanza toni moja, ya kwanza na ya pili toni moja na nusu, ya pili na ya tatu toni mbili, ya kwanza na ya tatu mbili na nusu, zote tatu toni tatu. Mipangilio yote ya vidole vya tarumbeta ni hiyo saba tu, ukihesabu na ule wa wazi. Angalia miunganiko miwili ya mwisho: hupanda kidogo kuliko inavyotakiwa, ndiyo maana bomba la pistoni ya tatu lina pete ya kidole, ulisukume nje kidogo unapozipiga.

Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinakutosha, na katika kila kipindi muda wa kupumzika ulingane na muda wa kupuliza. Midomo ikianza kuuma, acha. Mashavu yasijae hewa. Usiwaige akina Gillespie kwa hilo. Na usijaribu noti ya juu ya mstari wa tano mpaka zile za chini zitoke laini bila mkwaruzo.

Kuhusu saa mbili jukwaani: mtazame vizuri Masekela. Anapuliza mistari kadhaa, anaimba, anapiga kengele ya ng'ombe, anacheza, anaongea na watu, ndipo anarudi kwenye ala. Ulikuwa mtindo wake wa moyoni, lakini pia ndio uliotunza mdomo wake hadi uzeeni.

"Grazing in the Grass" ni muziki usio na maneno. Ulifikaje namba moja Marekani?
*Nairobi*

Julai 1968 ulikaa kileleni mwa chati ya Billboard kwa wiki mbili, na nakala zake zilizouzwa ni za mamilioni. Kumbe uliingizwa kujaza nafasi: santuri waliyokuwa wakiirekodi, *The Promise of a Future*, ilikuwa fupi na kampuni ilitaka wimbo mmoja zaidi. Philemon Hou, mwigizaji na mwimbaji wa Afrika Kusini aliyekuwa nao studio, akatoa kiitikio.

Umefanikiwa kwa uchache wake. Sikiliza kengele ya ng'ombe mwanzoni: haibadiliki, na ndiyo inayokuingia mguuni kabla tarumbeta halijasema neno. Kiitikio chenyewe mtoto anaweza kukirudia akikisikia mara moja. Wengi wakijaribu kuupiga hukosea kwa kuukimbiza. Ukiuharakisha kidogo tu, kengele inageuka kelele na ule mwendo wa ng'ombe malishoni unapotea. Maneno mnayoyasikia katika toleo la Friends of Distinction yaliongezwa 1969.

Je, ni kweli Masekela alileta wanamuziki wa Marekani Kinshasa wakati wa pambano la Ali na Foreman?
*Lubumbashi*

Ni kweli. Yeye na prodyuza Stewart Levine, rafiki yake tangu masomoni New York, ndio walioandaa tamasha la siku tatu, 22 hadi 24 Septemba 1974. Walikuwako James Brown, B.B. King, Bill Withers na Celia Cruz, na kwa upande wetu Makeba, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, na Abeti. Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukusubiri. Rekodi za wanamuziki wa Kiafrika wa tamasha hilo zilichelewa mno: zilitolewa 2017.

Bendi zetu za zamani nazo ziliitwa jazz: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Ni jazi moja na ya Masekela?
*Mzee wa dansi, Tabora*

Mzee wetu, jina moja, miti miwili. Kwetu neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa ya dansi, yenye magitaa na domo la bata (saksofoni), na mizizi yake ilikuwa rumba ya Kuba na Kongo pamoja na ngoma zetu. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz aliongoza kwa gitaa. Masekela alitoka kwenye jazi ya Marekani, ambamo mpigaji anabuni papo hapo juu ya mpangilio wa sauti uliokubaliwa, akaitia miondoko ya mitaa ya Johannesburg. Hata hivyo wote walimfikia msikilizaji kwa njia moja: kifungu kifupi kinachorudi na kurudi mpaka watu wasimame. Ukimweka Masekela wa miaka ya 1970 baada ya santuri ya Morogoro Jazz, wachezaji hawatakaa chini.

Wimbo wake wa kumtaka Mandela arudi aliuandika wapi?
*Msomaji, Zanzibar*

Botswana. Alihamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili awe karibu na kwao, akifundisha na kurekodi Gaborone. Mwaka 1985 ilimfikia barua ya Mandela, iliyotoroshwa gerezani, ya kumpongeza siku yake ya kuzaliwa. Mfungwa ndiye aliyemtumia mtu huru salamu za heri. Akakaa kwenye piano, na "Bring Him Back Home" ikaanza hapo. Miezi miwili baadaye, 14 Juni 1985, jeshi la Afrika Kusini lilivamia Gaborone usiku na kuua watu 12. Masekela akaondoka kwenda Uingereza. Alirudi kwao 1990, baada ya miaka 30.

Alifariki kwa ugonjwa gani? Nasikia pia alikuwa mlevi.
*Dodoma*

Saratani ya tezi dume, Johannesburg, 23 Januari 2018, akiwa na miaka 78. Katika miezi yake ya mwisho aliwasihi wanaume wakapimwe, nasi tunaurudia wito huo kwa ndugu zetu wote waliovuka miaka 50.

Ulevi na dawa za kulevya vilimsumbua miongo mingi, na katika kitabu cha maisha yake hakuficha. Mwaka 1997 alikwenda kutibiwa Uingereza, akaacha, kisha akaanzisha mpango wa kuwasaidia wasanii wa Afrika Kusini wenye tatizo hilo. Linganisheni rekodi za kabla na baada: pumzi ni ndefu zaidi kwa mtu aliyekaribia miaka 60.

Nimepata tarumbeta la mtumba. Nilikague vipi kabla ya kulipa, na nilitunzeje huku pwani?
*Tanga*

Bonyeza kila pistoni polepole kwa kidole kilichonyooka. Ipande yenyewe, bila kusita. Itikise: ikicheza upande upande, imelika, na matengenezo yake ni ghali kuliko ala. Kisha, bila kubonyeza pistoni, chomoa kwa ghafla bomba la pistoni ya pili. Usiposikia "po", labda mafuta yamekauka tu. Tia mafuta, rudia. Ukikosa tena, nafasi kati ya pistoni na nyumba yake imekuwa kubwa. Chungulia bomba linalopokea kipulizio: vidoa vyekundu vyenye kitovu cheusi maana yake shaba inaliwa kutoka ndani, nalo halitibiki ila kwa kubadilishwa. Mbonyeo kwenye mdomo wa tarumbeta usikutishe.

Kipulizio kikiwa kimekwama, usikubali muuzaji alete koleo, linapinda bomba. Mafundi wa ala wana kifaa cha kukivutia. Kwa kuanzia tafuta saizi ya 7C.

Pwani adui ni chumvi na unyevu. Kila ukimaliza, fungua tundu la maji, puliza yote yatoke, futa kwa kitambaa kikavu, na usilifungie kwenye kasha likiwa bichi. Pistoni zitiwe matone matatu ya mafuta yake kila siku unayopuliza. Mafuta ya kupikia yanaganda, usiyaguse. Vaselini inafaa kwenye mabomba ya kuvuta tu, kamwe isifike kwenye pistoni. Mara moja kwa mwezi lioshe: maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi ndefu ndani ya mabomba. Maji ya moto yanabandua rangi yake. Na kila pistoni ina namba. Ukiirudisha kwenye nyumba isiyo yake, hewa haipiti kabisa, na wengi wamempelekea fundi tarumbeta zima kwa sababu hiyo tu.

Nianze na rekodi ipi?
*Wasomaji kadhaa*

Anzeni na "Stimela" ya kwenye santuri ya *Hope* ya 1994, iliyorekodiwa mbele ya watu huko Washington. Wimbo wenyewe ulitoka mara ya kwanza 1974, lakini hii ya baadaye ina dakika kama kumi na haina haraka. Mwanzoni hakuna tarumbeta. Kuna mdundo wa magurudumu, na Masekela anasimulia habari za treni inayowakusanya vijana kutoka nchi za kusini mwa Afrika kwenda kuchimba dhahabu. Kisha anaigiza mluzi wa treni kwa koo lake, unapanda, unakaribia kupasuka. Sikilizeni hapo kwa makini, mara mbili au tatu, halafu mwacheni aingie na ala: anaanza palepale koo lilipoachia.